Doa Chini ya Pindo

4 Februari

Kidole,

Mimi ni mzima, isipokuwa taya. Shemeji yako mzima, binti mzima na amepanda darasa la tatu, cherehani zote mbili zinakimbia. Kwa hiyo barua hii nzima ni ya taya. Kaa chini uisome kama daktari wa meno, si kama yule mtoto aliyenyonya kidole mpaka akafika miaka saba.

Upande wa kushoto, kule nyuma kabisa, pamevimba. Hapaumi. Mwanzoni nilidhani nimenenepa, nikafurahi, kisha nikaona nimenenepa shavu moja tu. Jana mteja mmoja, mwalimu, kaniuliza, "Fundi, mbona unanipima huku unamumunya pipi? Nigawie na mimi." Sikuwa na pipi. Nikacheka, lakini alipotoka nilikwenda kwenye kioo cha kujaribia nguo nikakaa pale mpaka pasi ikaunguza kola ya watu.

Gego la mwisho upande huo halijawahi kuota. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo mwaka ule uliponifanya mgonjwa wako wa mtihani, ukasema halina haraka. Sasa ndiyo linatoka, nikiwa na miaka thelathini na sita? Na kama si hilo, ni nini? Kichwa changu hakitulii. Nakata kitambaa, nasahau nilikuwa nakata nini.

Na usiniambie niache kushika pini kwa midomo. Fundi bila pini mdomoni ni karani.

Usinipigie simu ya dukani, wateja wana masikio. Mama alituzoeza jambo zito liandikwe, na hili naona lina uzito.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Nimekaa, nimesoma. Hilo la kidole ulilisema mbele ya wakwe zangu siku ya harusi, naona utalisema na siku ya mazishi yangu.

Sikiliza. Jino likikosa njia hulala ndani ya mfupa. Mara nyingi hulala tu, likaisha hivyo. Mara chache, kile kifuko chembamba kinacholizunguka tangu utotoni hujaa maji, kikakua polepole na kuusukuma mfupa. Hakiumi, na ubaya wake ndio huo. Huenda ni hicho, huenda sicho. Kwa barua siwezi kuona.

Nenda hospitali kubwa, umwone daktari wa taya. Nilisoma naye, tulikuwa tunamwita Kimya kwa sababu maneno yake kwa siku hayazidi kumi. Lakini mikono yake sijaona mfano. Akupige ile picha kubwa inayoonyesha mataya yote mawili kwa pamoja. Usiahirishe kwa ajili ya gauni la mtu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na wewe unajua mimi huwaambia wagonjwa msemo huo mpaka wananichoka.

Ndugu yako


25 Februari

Kidole,

Nimepigwa picha. Unasimama, unang'ata kijiti, mashine inakuzunguka kichwa polepole kama mama wa bibi harusi anayekagua mshono. Nikaambiwa nisicheke. Hapo ndipo kicheko kiliponishika, tukarudia mara mbili.

Kimya akaitundika kwenye taa. Jino langu limelala ubavu pale taya linapopinda kuelekea sikioni, kama mwanafunzi aliyesinzia dawati la nyuma. Limezungukwa na weusi, mkubwa kama yai. Nikauliza ni nini. "Maji." Na mfupa chini yake uko wapi? Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo. "Using'ate kitu kigumu," akasema. "Unaweza kuvunjika." Nikamuuliza nikifanya nini utavunjika. "Hata mwayo." Tangu siku ile nikisikia mwayo unakuja nashika kidevu kwa mikono miwili. Wateja wanadhani nasali.

Akachoma sindano, akavuta maji ya manjano, mepesi. Akakata na kipande kidogo cha ukuta wa kifuko kipelekwe kupimwa. Nikamuuliza kama ni kansa. "Sidhani. Tupime."

Kisha akasema chini ya kifuko unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia mdomoni. Ukiguswa, mdomo wa chini utakufa ganzi, pengine miezi, pengine moja kwa moja. Nikamuuliza, na pini zangu je? Hakuelewa swali.

La mwisho. Aliniuliza kama niliwahi kupigwa picha upande huo. Nikamwambia ndiyo, na mdogo wangu, miaka tisa iliyopita, na naikumbuka vizuri kwa sababu fremu yake niliikata mwenyewe. Ungemwona alivyochangamka! Alisema sentensi nzima. Akiilinganisha na hii atajua uvimbe umekua kwa kasi gani, na kasi hiyo itamwambia mengi. Itafute uitume upesi.

Dada yako


6 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nimetafuta picha ile, sijaiona. Unajua nilihama nyumba mara mbili, na vitu hupotea. Mwambie Kimya asiitegemee.

Kula vitu laini. Usibebe marobota ya vitambaa, waachie wengine. Pumzika mchana.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ya Kimya. Ni maelezo ya dawa zinazokudhuru tangu utotoni, mambo ya kidaktari tu. Mpe mkononi mwake.

Nakupenda sana, dada. Sijui kama niliwahi kukuambia. Mama alipokuwa kazini wewe ndiye uliyenivalisha viatu, na chochote nilicho nacho leo kimepitia mikononi mwako. Nisamehe kwa mengi.

Ndugu yako


17 Machi

Daktari,

Bahasha imefika kwa mwenyewe. Majibu nayo yametoka. Kimya anasema si kansa, ni kifuko cha maji kama mlivyosema. Alisema hivyo huku anaangalia viatu vyake. Ahsanteni nyote wawili kwa kunihurumia.

Upasuaji ulikuwa tarehe ishirini na nane. Nimeufuta. Nina kazi za kumalizia, na mtu hatii kiraka kwenye nguo iliyooza.

Cherehani nyeusi ya mama nataka abaki nayo binti. Naiandika hapa ili baadaye pasiwe na maneno. Na wewe ndiye utakayemfundisha kuandika barua, baba yake hajui.

Umeomba nikusamehe. Nimekusamehe, hata sijui ni kwa lipi.

Dada yako


20 Machi

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua. Mimi ni mwalimu wa udereva, nikiandika sana ni "amefaulu" au "arudie". Lakini hapa nyumbani gari linateremka mlima bila breki, na aliyeshika usukani hataki kunisikia.

Dada yako aliifungua bahasha ya Kimya. Aliweka kitambaa kibichi juu ya pasi ya moto, akaipitisha kwenye mvuke mpaka gundi ikaachia. Akasoma, akaifunga tena, akaipeleka kama ilivyo. Mimi aliniambia jana tu. Maneno yako ameyashika kwa kichwa, nami sasa nayajua: "Kuhusu lile nililokuambia kwenye simu, dada yangu asilijue kwa sasa. Hataweza kulibeba. Nitamwambia mwenyewe siku ikifika."

Sasa nani atasoma hivyo asielewe anakufa? Nimemwambia cheti cha majibu kimeandikwa si kansa. Ananijibu, "Karatasi huandikwa na watu."

Anashona tangu asubuhi. Kwanza nilidhani ni kazi za wateja. Jana nikatazama. Ni sare za shule za binti yetu, shemeji. Nne. Ya darasa la nne, la tano, la sita na la saba, kila moja ndefu kuliko mwenzake, zimekunjwa na kikaratasi juu. Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari la mafunzo, kiti cha mwanafunzi.

Juzi aliuma ganda la mkate, taya likalia. Lilitoa mlio mdogo tu, lakini niliusikia kutoka upande wa pili wa meza. Kimya anasema tusingoje.

Kama ni kansa, niambie mimi mumewe. Kama siyo, mwambie yeye ulichokuwa unaficha. Chagua moja, lakini chagua leo.

Shemeji yako


24 Machi

Dada,

Huna kansa. Soma tena: huna kansa. Kimya hajui kusema uwongo. Aliangalia viatu kwa sababu nilimbebesha siri yangu, na siri hiyo si ugonjwa wako. Ni mimi.

Picha sikuipoteza. Imo ndani ya bahasha hii. Miaka yote hii ilikuwa kwenye droo ya meza yangu ya kazi, kwa sababu ndiyo picha yangu ya kwanza kupata alama zote.

Kumbuka siku ile. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mgonjwa wake mwenyewe. Wenzangu walileta shangazi na majirani, wewe ulifunga duka ukaja. Nikaziba gego lako lililotoboka, nikalipiga picha kuonyesha kazi yangu. Filamu ilipokauka nikaona kivuli pembeni, nyuma ya gego, kama alama ya kidole gumba. Nikasema ni doa la dawa ya kuoshea filamu. Madoa yalikuwa yanakatiwa alama. Nikakuletea wewe mwenye mkono mzuri, nikakuambia, "Nikatie fremu ya karatasi ngumu, na pembe hii uiachie pindo pana, kuna doa." Ukanikatia. Mtahini aliisifu fremu.

Halikuwa doa. Kilikuwa kifuko, kikiwa bado kama punje ya harage. Ningemuuliza mtu mmoja tu, "Mwalimu, hiki nini?", kingetolewa wiki ile kwa sindano ya ganzi na nyuzi tatu.

Barua yako ya Februari ilipofika, ile ya Kimya kutaka picha, nilifungua droo nikabandua pindo lako kwa ukucha. Nilikiona mara moja. Nikalibandika tena. Nina miaka thelathini na mbili, nina kliniki yenye jina langu mlangoni, na nililibandika tena kwa mate. Kisha nikampigia Kimya simu, nikamwambia, nikamwomba anyamaze. Sikuogopa kushtakiwa. Niliogopa hutaniita Kidole tena.

Hata kukuficha huko kumekuumiza. Angeipata picha hii mapema, Kimya angejua uvimbe umechukua miaka tisa kukua, taratibu hivyo, naye angekuambia kwa uhakika ambao hata wewe ungeuamini.

Nichukie, ni haki yako. Lakini nichukie ukiwa njiani kwenda hospitali. Mpe Kimya picha. Nakuomba.

Kidole, kama bado


9 Aprili

Dada,

Sijapata neno. Nimepiga simu dukani mara tatu. Mara mbili hakuna mtu. Mara ya tatu imepokewa, nikasikia cherehani inakwenda, kisha simu ikakatwa.

Leo nimemng'oa mgonjwa jino ambalo pengine lingezibika. Siaminiki. Nasikia mwayo wa mtu kwenye benchi la kungojea, moyo unaruka. Niandikie hata tusi.

Ndugu yako


15 Aprili

Shemeji,

Hajanituma. Naandika mwenyewe.

Barua yako aliisoma amesimama. Alichukua mkasi, akaikata fremu ile pande zote nne, akaiinua filamu dirishani. Akatazama muda mrefu. Kisha akavaa viatu. Nikauliza anakwenda wapi, akasema, "Kumpelekea Kimya pembe yake." Alitembea mbele yangu njia nzima.

Amefanyiwa. Hawakukitoa kifuko chote, maana ni kikubwa na mfupa ni mwembamba. Wamefungua tundu, wakaweka kimrija, ili maji yatoke na mfupa upate kujijaza wenyewe. Jino litatolewa baadaye, miezi saba au nane. Alipozinduka kitu cha kwanza alichofanya ni kushika mdomo wa chini. Hisia ipo.

Ukipiga simu dukani, anajua ni wewe. Ngoja.

Shemeji yako


2 Juni

Wewe,

Nimengoja hasira ipungue ndipo niandike, naona haipungui, basi naandika nayo.

Kwanza habari za taya, kwa sababu najua unakufa kwa kutojua. Kimya amenishonea mfuko mdomoni. Kweli kabisa: amefungua ule uvimbe, akageuza ukingo wake, akaushona kwenye fizi pande zote ili usijifunge. Ni mfuko wa koti. Nilikagua mishono yake kwa kioo kidogo. Imelingana. Nikamwambia akichoka udaktari nina cherehani ya pili. Alicheka, akasema, "Ahsante." Kila baada ya kula napiga maji ya chumvi ndani kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Picha ya wiki iliyopita inaonyesha ule mstari mwembamba umeanza kunenepa.

Sasa wewe.

Doa nimekusamehe. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, unaogopa mtihani, na mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Mimi pia nililiona lile doa. Nilidhani wewe ndiye unayejua, ndiyo maana sikuuliza. Tangu lini mimi sikuulizi kitu?

Ambalo sijakusamehe ni wiki zile tatu za Machi. Uliniandikia "dada yangu mpendwa." Nilipoona mpendwa nilijua nimekwisha. Uliniachia nishone sare nne nikikadiria kwa macho mtoto wangu atakuwa na urefu gani siku ambayo sipo. Ya darasa la saba nilishindwa kifuani. Sikujua nimwekee nafasi kiasi gani. Nilikaa na futi mkononi nikamwangalia mtoto anacheza, nikajaribu kumwona msichana mkubwa, nikakosa. Hakuna mtu anayepaswa kufanya hesabu ile, Kidole. Na nilifanya ili wewe usione haya.

Ndiyo, nimeandika Kidole. Mkono umezoea.

Nakurudishia filamu, bila fremu. Usiiweke kwenye droo. Na Novemba, siku ya kutoa jino, uje. Usije kunishika mkono, shemeji yako anatosha. Uje ukae kwenye benchi ungoje kama watu wengine.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Nitakuja.

Filamu nimeibandika kwenye taa ya kusomea picha, pembe ya juu kushoto. Kila picha ya mgonjwa inakaa kando yake. Sasa naanza kusoma kwenye pembe ndipo naingia katikati. Juzi nimepata kifuko kimoja, cha mwanamume dereva wa lori, kidogo kama punje ya harage. Nikamwambia hapo hapo. Akaniuliza nani kanifundisha kutazama huko. Nikasema dada yangu, fundi cherehani.

Pini zako nazifikiria kila siku.

Kidole


19 Februari

Kidole,

Barua fupi, nina kazi.

Tangu ulipoondoka Novemba sikukuandikia habari za mdomo kwa sababu hazikuwepo. Kimya alitoa jino na kile kifuko kilichokuwa kimesinyaa, ulikiona mwenyewe kwenye chupa, na mfupa umejaa vizuri. Lakini mdomo wa chini, kushoto, ulilala siku ile ukakataa kuamka. Ulinisikia nikikuambia kwenye benchi kwamba sijali. Nilikudanganya. Wewe ulinificha la Machi, nami nikakuficha hilo, tumetoshana, ila tusirudie.

Miezi mitatu nimeweka pini mdomoni mbele ya kioo, kama msichana anayejifunza kupaka rangi. Nikiondoa macho zinaanguka. Nilianza kuzichomeka kwenye mkono wa blauzi, kila nikifanya hivyo roho inaniuma. Kimya alisema ngoja. Neno hilo ndilo analolijua kuliko yote.

Leo asubuhi binti alivaa ile sare ya darasa la nne. Nilikadiria vibaya. Amerefuka kuliko nilivyomwona, magoti yako nje, na muhula ndiyo kwanza umeanza. Nikamsimamisha juu ya kiti, nikaanza kufumua pindo nilirefushe. Alikuwa anachelewa, mimi nina haraka, nikatia pini mdomoni bila kioo, kama zamani, tano kwa pamoja. Akatikisika. Moja ikanichoma mdomo wa chini, kushoto.

Imeuma, Kidole. Imeuma vibaya sana.

Nikakaa sakafuni na pindo la mtoto mkononi, nikalia na kucheka. Akasema, "Mama, pole, sikukusudia." Nikamwambia asimame sawa, apande tena kwenye kiti, na atikisike kidogo.

Dada yako